Mapigo Yangu, Simu Yake

Jumanne, 1 Julai

Vidole viwili shingoni, kama kila asubuhi. Nahesabu huku natazama saa ya ukutani. Sabini na kitu. Moyo umeamka vizuri. Mie nimeamka zamani, miguu ilishaanza kutembea kabla sijaitoa kitandani.

Jana daktari kanifungulia. Mwaka na zaidi nimekuwa nikitembea taratibu kama bibi harusi. Baada ya kumzaa Nuru moyo ulitanuka, ukashindwa kusukuma damu. Nililazwa. Nilivimba mpaka magoti yakawa hayaonekani. Sasa picha inaonyesha umerudi karibu na ulivyokuwa. Karibu. Hilo neno silipendi. Naruhusiwa kukimbia polepole na kuendesha baiskeli, ila mapigo yasizidi mia na thelathini kwa dakika. Yakizidi, nipunguze. Nikisikia kizunguzungu, nisimame. "Na usikisie," daktari kaniambia. "Tafuta kifaa cha kupimia."

Leo nimejaza upepo matairi ya baiskeli. Ilikuwa koridoni chini ya shuka tangu nina mimba. Nimezunguka nayo uani. Hamidu, mume wangu, kasimama mlangoni na Nuru kambeba. Kila nikizunguka naona uso wake unapita.

Halafu kazini, mezani. Mie ni mpima ardhi. Nimezoea jua, bikoni za kuonyesha mpaka, watu wanaougombania. Tangu nirudi kazini bosi kaniweka kwenye kompyuta nichore ramani za viwanja walivyopima wengine. Ananihurumia. Sitaki kuhurumiwa.

Alhamisi, 3 Julai

Siku nzima nasoma habari za saa. Ramani za watu zimelala.

Ziko za mkononi zenye taa za kijani kwa chini, zinamulika damu kupitia ngozi. Ziko za mkanda wa kufunga kifuani, zinashika umeme wa moyo wenyewe. Ziko za kuvaa karibu na kiwiko. Kila moja ina wanaoisifu na wanaoitukana. Hii inakaa na chaji wiki nzima. Hii inakuonyesha njia. Hii inakuambia umelala vibaya, kana kwamba hujui. Nikikaribia kuamua nafungua ukurasa mwingine, naanza upya.

Resti, jirani yetu, anaendesha baiskeli na kundi la Kimara kila Jumamosi. Kasema najichosha bure. "Chukua ya mkononi, shoga. Mkanda unabana, unawasha, na jasho lote linakusanyika hapo." Anaongea vizuri, ila Resti moyo wake mzima. Yeye saa yake inamwambia tu kama vitumbua vya asubuhi vimeisha mwilini.

Mie naishi kwa vipimo. Kifaa kizuri ukikirudisha palepale kinakupa jibu lilelile. Nani kaandika hivyo kwenye zile kurasa? Hakuna. Wameandika rangi.

Hamidu kasema nimwachie yeye. Ni fundi umeme wa majengo, vifaa anavijua. Nimemwachia. Sijui kwa nini nimemwachia.

Jumamosi, 5 Julai

Kaja na boksi. Kainunua Magomeni, kwa Bi Zuwena, lile duka la saa la familia ya Kiarabu ambalo hata watu wa zamani wanalijua. Saa nyeusi, pana, kioo kinang'aa. Nilifurahi. Nilimkumbatia mbele ya Resti.

Akakaa nayo kwenye kochi kuiunganisha. Kaiunganisha na simu yake. Nikauliza mbona si yangu. Kasema yangu imejaa picha za mtoto, haina nafasi, na ni kweli. Saa ina laini yake yenyewe ndani, sasa mapigo yangu yanamfikia popote alipo. Yakivuka mia na thelathini, simu yake inalia.

Nikasema asante. Nikaketi pembeni yake natazama namba yangu kwenye kioo chake. Inapanda. Inashuka. Nilijisikia kama mtu aliyeanikiwa nguo za ndani barazani.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Hakuna kazi.

Nimekimbia. Kutoka nyumbani hadi karibu na shule, polepole, Resti pembeni anasimulia habari za shemeji yake. Nilikuwa namjibu bila kuhema. Baridi kidogo, harufu ya mafuta ya vitumbua, kuku wanakatiza njia. Nilitaka kucheka kwa sababu ya magoti yangu tu.

Natazama saa: mia na sitini na nane.

Nikasimama, vidole shingoni. Mia na ishirini na kidogo. Nikaanza tena. Saa ikarudi kulekule juu. Resti ndiye aliyesema, "Hebu hesabu hatua zako." Nikahesabu. Ndizo zenyewe. Mkono unarukaruka, saa inadhani kila hatua ni pigo la moyo. Tukacheka wote wawili.

Hatujamaliza kucheka, Hamidu huyo anateremka na barabara. Anakimbia. Kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, shati halijafungwa vifungo. Simu inalia. Watu wamesimama kutazama.

"Kaa chini. Kaa chini hapohapo."

Nikamwambia niko sawa, saa imekosea. Hakusikia. Kanikalisha kwenye ngazi za duka kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Mwenye duka kanipa maji. Nimeyanywa kwa hasira.

Jumatano, 9 Julai

Ofisi iko Kinondoni, ghorofa ya tatu, na lifti mbovu. Nimepanda ngazi. Sijavuta kiti, simu inaita. "Umefanya nini sasa hivi?" Ngazi. "Pumzika basi." Nimepumzika tangu mwaka jana.

Kabla ya chakula bosi alikuwa ananilaumu kuhusu ramani iliyochelewa. Moyo ukapanda. Simu. "Kuna nini huko?" Mbele ya bosi. Nikasema ni watu wa benki.

Mchana tena. Safari hii mapigo yalikuwa chini mno. Nilikuwa nasinzia.

Nimegeuka redio ya mtu. Sina hata pa kukasirikia. Nikikasirika, anajua.

Ijumaa, 11 Julai

Nimegombana na sufuria. Nimemkaripia Nuru, mtoto asiyejua hata kosa lake. Mguu unacheza chini ya meza mpaka mwenzangu wa meza ya pili kaniomba niache, anatikisika na yeye. Sijakimbia. Sijaendesha. Simchukii Hamidu. Nakichukia kile kidole chake kinachofuta vumbi kwenye kioo ili anione vizuri.

Jumapili, 13 Julai

Alikubali niende na baiskeli kwa sharti la saa. Akaikaza mwenyewe.

Nilishika barabara ya Bonyokwa. Mteremko wa kwanza niliachia breki. Upepo ukaingia kwenye mikono ya fulana. Sikumbuki lini mara ya mwisho sikuwaza chochote.

Kurudi ni kupanda. Saa: tisini na mbili. Nikasema vizuri, nafasi bado ipo, nikakanyaga zaidi. Tisini na tano. Pumzi zikawa fupi. Nikaitazama saa, nikaiamini, nikaacha kusikiliza kifua changu mwenyewe. Mie mwenye kupima. Nikakanyaga mpaka pembeni mwa macho pakaanza kuwa peusi.

Nikashuka. Baiskeli ikaanguka yenyewe. Nikakaa kwenye rundo la mchanga wa mtu anayejenga, vidole shingoni. Yalikwenda mbio kiasi kwamba sikuweza kuyahesabu. Saa inasema tisini na nne. Nikaelewa baadaye: nikishika usukani kiganja kinakunjika, barabara ina mashimo, zile taa za kijani zinamulika hewa.

Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kaniuliza, "Mwanangu, una mimba?" Nikasema hapana. Akasimama nami hata hivyo. Hakuondoka mpaka nilipoinuka. Nikasukuma baiskeli hadi nyumbani.

Hamidu kanipokea akitabasamu. Siku nyingi sijaliona hilo tabasamu. "Leo umekwenda vizuri. Hata mia hukufika." Kanionyesha mstari kwenye simu, tambarare kama meza.

Sikusema. Ningesema, angeifungia baiskeli ndani. Lakini hapa naandika: niliogopa. Niliogopa kufa kwenye mchanga wa mtu nisiyemjua.

Jumatatu, 14 Julai

Baada ya kazi nikapitia Magomeni.

Bi Zuwena ni mtu mzima, miwani imening'inia kwa mnyororo, ushungi mweupe. Duka lilikuwa la babu yake. "Shikamoo, Bi Zuwena." "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mke wa yule kijana wa Masasi." Hata sijavua saa kashaitambua.

Nikamweleza habari za hatua na za mlima. Hakushangaa. Kasema alimwonyesha Hamidu mkanda wa kifuani kwanza, akaukataa, kwa sababu ule aliokuwa nao siku ile unaongea na kisaa chake tu, hauongei na simu.

"Nikamuuliza, anayevaa nani? Akasema mke wangu. Nikamuuliza, anayesoma nani? Hakunijibu. Na mimi nauza, mwanangu. Nikamfungia ile."

Sasa anayo mikanda ya aina mbili. Akaiweka yote kwenye kioo cha meza. Wa kwanza unaingia kwenye simu, na mnaweza kuyaona mapigo wawili, kila mtu kwa simu yake. Wa pili una kisaa chake cha kijivu, cha vitufe, hakina njia wala rangi. Ukivuka kiwango ulichokiweka kinalia mlio mmoja mkononi kwako, basi.

Kaniingiza stoo nijaribu. Mkanda unaloweshwa maji kwanza ili ushike ngozi. Baridi yake ilinishtua. Nikaruka palepale katikati ya maboksi, Bi Zuwena kanishika kiganja anahesabu mwenyewe, midomo inacheza. Tukalinganisha. Sawasawa. Nikaruka tena, nikapinda mikono kama nimeshika usukani. Sawasawa. Ule wa simu nao hivyohivyo.

Kwa hiyo kipimo si tatizo tena. Tatizo ni nani asome. Wa simu utaleta amani nyumbani. Wa kijivu utaniletea amani mie. Nikaushika huu, nikauweka, nikaushika ule. Wateja wanakuja, wanahudumiwa, wanaondoka. Nikatoka mikono mitupu. Nilikasirika njia nzima mpaka Kimara.

Jumatano, 16 Julai

Mpima mwenzetu kaugua na mteja anasubiri Kibamba. Bosi kasimama mbele ya meza yangu, kama mtu anayeomba chumvi. "Utaweza?" Naweza.

Nikavua saa. Nikaiweka kwenye droo. Nilijua ninachofanya. Simu nikaiacha kwenye begi, begi kwenye gari.

Siku nzuri kupita zote tangu Nuru azaliwe. Jua. Nyasi za kuwasha. Ndugu wawili wanagombania bikoni ambayo kumbe wote wawili walikuwa wanaitafuta mahali sipo. Nilipoikuta chini ya mzizi mmoja akamletea mwenzake kiti. Sikukimbia hata mara moja. Nilitembea, nilisimama, nilipumua.

Tumerudi ofisini jua limelala. Hamidu amekaa kwenye kiti changu. Shati limemlowa mgongoni. Saa nyeusi iko kiganjani mwake.

Mstari ulikatika asubuhi. Akapiga, sikupokea. Akaacha kazi juu ya jengo la watu. Akaenda kwanza hospitali, akaulizia chumba cha dharura kama kaletwa mwanamke wa jina langu. Halafu akampigia mama yangu kule Lindi. Mama analia tangu mchana. Ndipo akaja ofisini, bosi hayupo, waliobaki wakamwambia nimetoka tu, hawajui wapi. Akafungua droo.

"Uko hai," akasema.

Tukarudi nyumbani. Nilimpigia mama. Alikuwa anasema jina langu tu, jina langu tu.

Alhamisi, 17 Julai

Asubuhi ikapasuka. Hatukwenda kazini, hata mmoja.

Nilisema yote. Nilisema mie si jengo la kufungiwa mita. Nilisema saa yake ni mwongo na anaiamini kuliko mke wake. Nilisema habari za Bonyokwa, mchanga, macho kuingia giza, na ule mstari wake tambarare alioufurahia. Niliona hilo la mstari likimwingia. Sikuacha.

Hamidu hakupandisha sauti. Kakaa kwenye kochi, mikono katikati ya magoti.

"Wewe ulikuwa umelala," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa macho."

Kisha akaongea. Hajawahi. Mashine ya wodini ilikuwa inalia pi, pi, akajifunza kusinzia kwa mlio ule. Siku moja muuguzi akaizima arekebishe waya, na Hamidu akaamka kwa ule ukimya, akajua nimekufa. Alikuwa na Nuru mikononi, hana hata wiki, koridoni, hajui aende kwa nani kwanza. Alimwambia Mungu amchukue yeye badala yangu, halafu akaogopa kwamba amesikiwa.

"Huo mstari ukiwepo nafanya kazi," akasema. "Usipokuwepo nashika waya sijui nagusa nini."

Anafanya kazi juu ya majengo. Na nyaya.

Mwaka na zaidi nimekuwa naamini ugonjwa ule ulikuwa wangu peke yangu. Sikuwahi kumuuliza. Bado nina hasira. Vyote viwili vipo.

Ijumaa, 18 Julai

Hakuna aliyeongea. Nuru kaongea kwa niaba ya wote.

Jumapili, 20 Julai

Jana nilimwomba Bi Zuwena aniazime ule mkanda wa kijivu siku mbili. Alinipa kabla sijamaliza sentensi.

Leo nikamwambia Hamidu twende uwanja wa shule. Nuru tukamwacha kwa Resti. Nikavaa mkanda. Ile nyeusi nikamwomba aivae yeye, aone inavyokuwa. Akaivaa. Akakaa kwenye jiwe chini ya goli.

Nikakimbia kuzunguka uwanja. Kila nikifika kwake namwonyesha kisaa. Mia na kumi na nane. Mia na ishirini na tano. Upande wa pili wa uwanja kikalia, nikaacha kukimbia, nikatembea mpaka kikatulia. Nilijua ananitazama. Sikuharakisha kwa ajili yake, wala sikujionyesha.

Nilipomfikia tena nikashika mkono wake niangalie saa. Mia na thelathini na nne. Mtu amekaa. Mkono uko juu ya goti, hautikisiki.

Nikasema imekosea tena. Nikaweka vidole shingoni mwake. Haikukosea.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Sijui. Sijawahi kuivaa."

Tukakaa wote kwenye jiwe. Vijana wakaja na mpira, wakatuomba tutoke golini. Tukasogea.

Jumatano, 23 Julai

Kliniki, wawili. Nilimburuta, au alikubali kuburutwa.

Daktari katazama karatasi zangu, kasema mkanda, hasa kwa baiskeli, na nisibishane na kifua changu tena kikinisemesha. Kisha akamgeukia Hamidu. Akampima presha. Akamlaza, akamfunga nyaya kama zile nilizofungwa mie. Nilisimama miguuni pake. Sikupenda kusimama pale. Dakika chache tu, na tayari nilitaka kumshika daktari mkono nimuulize yule mchoro unasema nini. Yeye alisimama pale wiki nzima.

Moyo wa Hamidu ni mzima. Ni hofu, daktari kasema, imekaa kwenye mwili muda mrefu.

"Unalalaje?"

Hamidu akatazama feni. "Kwa zamu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Kumbe ananisikiliza ninavyopumua. Miezi yote hii. Mie nilikuwa nadhani anaamka kwa sababu ya Nuru.

Daktari kampa jina la mshauri, hapohapo hospitali, aje kila Jumatano waongee. Kasema atafikiria. Tulipofika getini akasema atakuja. Akaongeza kwamba nisimwambie mtu yeyote wa kazini kwake. Nikasema nani wa kumwambia.

Jumamosi, 26 Julai

Magomeni, pamoja. Bi Zuwena akaitoa mikanda yote miwili, akarudi nyuma kukaa, akajifanya anasoma risiti.

Niliamua njiani. Hata hivyo mkono ulisita. Nikamtazama Hamidu. Nikachukua wa kijivu.

Akamuuliza Bi Zuwena, "Hauna hata namna ya kuunganishwa na simu?"

"Hauna, mwanangu."

Akauchukua ule mkanda, akauvuta, akautazama mshono wake, akalegeza kifungo kimoja. "Huu ungekukata," akasema. Akanipa.

Tumekubaliana. Nikitoka namwambia napita njia gani. Simu nakuwa nayo. Kisaa kikilia nashuka, hata kama nyumba inaonekana. Yeye hanipigii kuniuliza mapigo. Ile nyeusi ataiondoa kwenye simu yake.

Hilo la mwisho alijaribu palepale nje ya duka. Kidole kikafika kwenye kioo, kikasimama. "Bado," akasema.

Nilikasirika. Nilitaka kumnyang'anya simu niifute mwenyewe. Badala yake nikanunua miwa iliyokatwakatwa, tukala tumesimama, tunatema makapi kwenye mfuko mmoja.

Jumanne, 29 Julai

Mkanda umenichubua chini ya titi. Resti alisema. Nimepaka mafuta ya mgando, sijamwambia, atanicheka wiki nzima.

Bosi kaniweka kwenye zamu ya saiti. Si kila siku. Inatosha kwa kuanzia. Leo mezani mguu ulicheza mpaka chai, kisha ukasahau.

Asubuhi Hamidu kaniomba nimsomee ujumbe wa fundi mwenzake, mikono yake ina saruji. Nikafungua simu yake. Palipokuwa na ile alama ya moyo mwekundu pako wazi. Sikumuona akiiondoa. Nikasoma ujumbe, nikarudisha simu mahali pake.

Alhamisi, 31 Julai

Jana alikwenda kwa mshauri. Kasema waliongea habari za mpira karibu muda wote. Kasema ataenda tena.

Nimemsikia akikoroma. Mie ndiye nisiyepata usingizi, nimezoea kitanda kinachogeuka.

Jumapili, 3 Agosti

Segerea. Peke yangu.

Nilimwambia njia: Bonyokwa, nifike Segerea, nigeuze. Akaitikia, akaendelea kumpa Nuru uji. Nilipofika kona nikatazama nyuma. Hakuwa mlangoni.

Kwenye mlima wa mbele ya Bonyokwa kisaa kililia karibu na kileleni. Nilishuka. Niliona aibu kidogo, wapo wanawake wawili wenye mizigo kichwani walionipita. Nikasukuma. Kilipotulia nikapanda tena.

Kule chini kabla ya Segerea wamemwaga kifusi kipya. Kuna duka la mbao limehamia palipokuwa na gereji. Foleni ya asubuhi haikuwepo, Jumapili. Kanisani walikuwa wanaimba na milango iko wazi, nikaenda polepole mpaka ubeti ukaisha. Nikageuza. Nilikunywa maji karibu na ukuta wa gereza, nikajikuta sitaki kwenda mbali zaidi wala kurudi haraka. Nilikaa juu ya baiskeli mguu mmoja chini. Basi.

Nyumbani Hamidu alikuwa uani anafua nguo za Nuru, povu mpaka kwenye viwiko. Hakuinuka. Kakamua kigauni, kakianika, kachukua kingine.

"Barabara ikoje?" akauliza.

Nikaja na chai, nikageuza ndoo tupu nikaikalia. Nikaanza na kifusi, nikaja kwenye duka la mbao. Akauliza kama mbao ni za msonobari. Nikasema ndiyo, nyingi, na zinanukia mpaka barabarani. Akauliza bei kama niliiona. Sikuiona. Nikaendelea na kanisa, na ule ubeti, nikamwimbia kipande nilichokishika. Chai niliyojimiminia ikapoa mkononi.